Kibano Getini

Tuliondoka Mpwayungu saa tisa usiku, watu sita
juu ya lori la kreti za zabibu.
Perisi Chilongani alikifunga kibano
kwenye pindo la khanga, mafundo mawili,
kama wengine wafungavyo nauli.

Tembo, wanasema, hashindwi na mkonga wake.
Sisi kope zetu zimetushinda.
Zimegeukia ndani, zinakwangua mboni,
na kila Jumamosi mjukuu humlaza bibi mapajani,
anang'oa, anahesabu: kumi na nne, kumi na tano.
Bibi halii ng'o. Chozi linalotoka ni la jicho tu.

Mlinzi wa getini alikuwa na adabu.
"Mama, chenye ncha hakiingii Bungeni."
Akakiweka kwenye trei la plastiki
katikati ya funguo na saa za watu,
akampa namba ya kukichukulia.
Perisi akaipapasa ile namba kwa kidole.
Hakuuliza ni ngapi.

Ndani, kiyoyozi. Mheshimiwa akatuagizia soda,
akasoma barua yetu
(Hezroni aliiandika kwa herufi kubwa,
kana kwamba mgonjwa ni msomaji):
dawa ifike kila mwaka, pasirukwe mwaka;
daktari wa kupasua kope aje kijijini;
na maji. Maji tuliyaandika mara mbili,
maana uso wa mtoto hauoshwi kwa hotuba,
na nzi wa zizini hangoji kikao.

Akavua miwani, akaifuta kwa tai.
"Suala zito hili," akasema. "Tutaliangalia."

Basi Perisi, aliyekuwa kimya tangu alfajiri,
akageukia ilikotoka sauti,
akakosea kidogo, akawa anaongea na dirisha:
"Mwanangu, kuangalia ndiko kulikotushinda sisi.
Ninyi liandikeni.
Liandikeni kwenye bajeti, kwa tarakimu,
mwenye macho atanisomea."

Nilisikia kalamu. Ilikwaruza kidogo, ikanyamaza.

Getini tukarudisha namba.
Mlinzi akakishika kibano, hakukitoa,
akauliza ni cha kazi gani.
Perisi akamwambia inama,
akamgusa ukingo wa kope: "Cha hapa."

Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu.
Akauliza, sauti chini,
kama ile barua bado ina nafasi ya jina moja:
mama yake yuko Bahi,
na siku hizi anafikicha sana.