Mwanzi wa Pua

Haikuwa hospitali, Shinuna. Ilikuwa saluni
juu ya duka la halua, Al Khuwair,
na sindano ilitolewa frijini, kando ya chupa za laban.
"Dakika kumi," alisema, "mwanzi utanyooka kama rula."

Ulinyooka.
Ncha ikawa nyeupe, weupe wa chokaa;
ukasema ni barafu tu.
Usiku ikaota michirizi ya zambarau,
mabonde makavu kwenye ramani.

Damu ilibisha hodi, ikakosa wa kufungua.

Nilikuwa zamu. Nilibonyeza ngozi, nikahesabu;
rangi haikurudi.
Nikaziba jicho lako moja, halafu la pili: vidole vingapi?
"Vitatu. Kwani mimi mtoto?"
Ndipo nikapumua.
Daktari akachoma dawa ya kuyeyusha, akachoma tena,
hadi wekundu ukarejea karibu na adhana ya alfajiri,
taratibu, kama mdeni.

Umebaki na kovu la ukubwa wa dengu
na pua ileile ya mama, pana,
inayotambua udi wa kweli na wa bandia.
Jana uliniuliza nani hodari wa kufuta makovu.
Nimekuandikia jina. Chini yake: leseni kwanza, uisome.