Maua Kichwa Chini

Mfuko wa mabaki umekaa chini ya kitanda
tangu kiwanda cha kando ya mto kilipofungwa.
Siku ya mshahara tuliuziwa kwa kilo
vipande vyenye kasoro: rangi iliyochuruzika,
ua lililochapwa juu ya ua,
pamba nyepesi iliyoumwa na mashine pembeni.
Nilinunua kama mtu anayejiwekea kuni.
Heino, wakati wa uhai wake, alinicheka:
"Hilje, utauvika mji mzima?"
Sikushona hata leso.

Kisha Triinu akaja kutoka Tallinn na begi moja,
miaka kumi na mitatu, magoti na viwiko vitupu,
na joto likaingia Narva siku hiyo hiyo
bila kubisha hodi.
"Bibi, sina cha kuvaa."
Alikuwa nacho. Alichotaka
ni kitu ambacho wenzake hawajakiona dukani.

Tukaumwaga mfuko sakafuni.
Huu mstari wa buluu ulikuwa wa mashuka ya hospitali.
Hiki kitani ni ncha ya kitambaa cha meza
tulichotandika siku ya harusi ya mama yako;
doa lile la bitiruti lilizishinda sabuni zote.
Na haya maua ya njano —
akayavuta, akajifunika kifuani mbele ya kioo.
Basi. Hayo.

Futi yangu imechakaa, namba saba haisomeki,
hapo katikati nikampima kwa kukisia.
Kitambaa kilitosha mbele.
Mikono haikuhitajika, ni blauzi ya jua.
Lakini mgongo ulipungua shubiri moja.
Nikakigeuza hivi, nikakigeuza vile,
nikakilaza mshazari,
bado shubiri ile ile ikanikodolea macho.
Jungu kuu halikosi ukoko, wanasema;
mfuko wangu ulikosa shubiri.

Kilichobaki kilikuwa kipande kimoja, kirefu,
kimekatwa kinyume.
"Ukikiunga, maua yatasimama kwa vichwa," nikamwambia.
"Mgongo wangu siuoni," akasema.
"Ni wa watu wa nyuma."

Tukapiga bandi kwa uzi mwekundu.
Cherehani ya Podolsk ikakohoa, ikakumbuka kazi.
Nikamwachia yeye gurudumu.
Mshono wa kwanza ulikwenda
kama mlevi anayeutafuta mlango wake.
Tukaufumua.
Wa pili ulikwenda kama mlevi aliyeuona.
Tukauacha.

Saa nne usiku, na dirishani bado mchana.
Huku kwetu Juni hatuwashi taa, tunaazima anga.
Ng'ambo ya mto ni nchi nyingine,
na huko mtu alikuwa akianua shuka zake kambani.
Nikadhani naujua ule mstari.
Kaba ya shingo nikaipinda kwa mkono,
nikilowesha uzi mdomoni mara tatu, mara nne,
maana siku hizi tundu la sindano
macho yangu hulisikia kwa uvumi tu.

Kesho yake ndio usiku wa mioto ya Jaani.
Mvua, kama kila mwaka, ilialikwa kabla yetu.
Kuni za Maimu zikatoa moshi bila moto,
soseji zikaiva upande mmoja,
na Triinu akasimama ndani ya sweta la babu yake,
juu ya sweta koti la mpira,
juu ya koti mwavuli wangu.
Blauzi haikuonwa na mtu.

Ila kila aliponipa mgongo
kuinama na kutupia kijiti motoni,
nilijua mahali, chini ya mpira, chini ya sufu,
ambapo shubiri moja ya maua ya njano
imesimama kwa vichwa,
na mshono wake mlevi umeshika.