Jiko la Watu Wangapi

Nilipomwambia Mama Auko, ng'ambo ya ua wa michongoma,
kwamba leo naenda Kibuye kutafuta jiko,
alipiga kigelegele hadi kuku wake wakatawanyika.
"Hatimaye, Mwalimu! Ni wa wapi? Nyar Alego?"
Ni la bati, nikamjibu. La miguu minne.
La kuchomea nyama uani.
Akacheka, kisha akanyamaza ghafla,
akakumbuka, kama mimi, kwamba jiko langu
limelala Rarieda, chini ya saruji, mwaka wa pili huu.

Kibuye, upande wa mafundi, nyundo hazisalimiani.
Kila moja inapiga lake.
Kulikuwa na moja la mviringo, jekundu, la magurudumu,
limetoka ng'ambo limevaa karatasi bado.
Niliinama nikaligonga. Pete ikatangulia kidole.
Likanijibu kama mkebe wa biskuti.
Nikaliacha na uzuri wake.

Fundi Opondo alivua miwani yake myeusi.
"La watu wangapi, mzee?"

Swali dogo, nami nikalipokea
kama mtu aliyewekewa kaa la moto kiganjani.
Wanane, nilisema. Mdomo ulitangulia.
Kisha nikaanza kuhesabu, kofia mkononi:
Otiende yuko Doha, analinda mlango wa hoteli
ambamo hajawahi kulala.
Awuor na mumewe, Eldoret, huja kwa matanga tu.
Pacha wangu hawasemezani tangu kile kipande cha shamba;
ukimwita mmoja, umemfukuza mwenzake.
Akeyo simhesabu.
Nilimhesabu.

"Sema watatu," nikasema. "La. Subiri."

Opondo hakuniharakisha. Alitwaa chaki,
akachora jiko kwenye sakafu yenye vumbi la chuma,
akalifuta kwa kiatu, akachora jingine.
Akanieleza: bati liwe nene kama ukucha wa kidole gumba,
la sivyo moto utalila kabla ya Krismasi ya pili;
matundu yawe chini, mkaa upate kupumua;
wavu uwe wa kupanda na kushuka,
maana ngege hataki moto wa mbuzi.
Na pipa lililowahi kubeba rangi au dawa
lichomwe tupu, kutwa nzima, kabla ya kuonja kitu.
"Hata chuma, mzee, kina vya kusahau kwanza."

Miaka thelathini na mmoja nilisimama mbele ya ubao
nikinyambua: choma, chomea, chomelea.
Watoto wakaitikia, chaki ikaisha, kengele ikalia.
Sikujua kwamba mzizi huohuo
unaivisha nyama na kuunga chuma kilichokatika,
na kwamba mwiba nao unautumia.

Mwisho nilichagua nusu pipa.
Nusu tu. Lakini nikamwomba
achomelee bawaba mbili upande wa kushoto,
tupu, zisizoshika kitu,
ili ile nusu ya pili, siku ikihitajika,
ipachikwe bila kuanza upya.
"Na hiyo nusu nimuuzie nani?"
Iweke, nikasema. Nikamwachia mia tano ya kuiweka.
Alizikunja polepole, akaniangalia,
akaandika jina langu kwa chaki ndani ya pipa,
mahali ambapo mvua haifiki.

Mkokoteni ulinifikisha Migosi saa kumi.
Niliwasha mkaa wa shilingi mia, sikuweka kitu juu.
Rangi ya zamani ikatoka kwa moshi mchungu,
wa kijani, kisha wa kijivu, kisha hewa tu inayotetema
juu ya nyanya ambazo Akeyo alizipanda
na ambazo sasa huota zenyewe, bila kuulizwa.

Mama Auko akachungulia juu ya michongoma,
ngege wawili mkononi, wameshapakwa chumvi na ndimu.
"Vipi, Mwalimu? Hilo jiko lako linajua kupika?"

Bado, nikasema.
Leo linasahau.
Walaze samaki wako. Njoo kesho.