Pembe za Jike

Ravdna hahesabu reni wake kwa mikia.
Hutazama vichwa.

Kiangazi pembe zilivaa mahameli,
moto ukizigusa, zikidunda kama mshipa wa shingo;
kisha ngozi ikachanika,
ikaning'inia na damu yake.

Oktoba madume hawakukaa zizi moja.
Mfupa kwa mfupa, mchana kutwa,
mpaka mmoja akachechemea kuelekea mtoni.

Sasa ni Januari. Jua halijachomoza wiki ya sita
na washindi wana vipara.
Pembe zao zimelala thelujini,
panya wanazitafuna kwa uchu wa chokaa.

Jike mwenye mimba bado anazo:
fupi, moja imepinda.
Amefukua shimo hadi kwenye kuvumwani,
anakula kwa ajili ya wawili.
Dume anakuja, mabega kama mlango.
Jike anainamisha kichwa, mara moja tu.
Dume anazunguka, anaondoka.

Mwenye nguvu mpishe, sawa.
Lakini nguvu hukaa kwa nani, mwezi gani?

Mei, akishazaa, nazo zitaanguka,
moja leo, nyingine keshokutwa.
Ravdna ataiokota ile iliyopinda.
Kisu chake hakina mpini.