Nakala ya Tatu

Waliniuliza jina, nikasema Mishi Semkuya,
mpiga chapa, ofisi ya mkoa, miaka thelathini na mmoja,
nakaa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nane,
nyumba yenye baiskeli isiyo na kengele.
Karani wa tume akaandika. Nikamtazama vidole:
anatumia viwili tu. Nikanyamaza.

Yeye alikaa mbele, shati jeupe, bila king'ora,
bila yule kijana wa kumvutia kiti.
Wakili wake akasema Mheshimiwa hakumbuki barua yoyote,
na kwamba faili, kwa bahati mbaya, liliungua.
Kweli liliungua. Naujua moto ule:
uliingia masjala usiku wa Alhamisi,
ukayapita makabati sita ya mbao kavu
ukachagua la saba, la chuma,
lenye kufuli.
Moto uliokwenda shule.

Lakini barua hupigwa nakala tatu.
Ya kwanza hupanda gari. Ya pili hulala faili.
Ya tatu ni ya mpiga chapa mwoga
anayejua kuwa siku maji yakizidi unga
wakubwa wataulizana: nani aliandika?
Yangu ilikaa miaka tisa chini ya godoro la sufi,
pamoja na cheti cha ndoa na kadi za kliniki.

Wakaniambia, soma.
Nikasoma: Kwa amri ya Rais,
shamba la mkonge la Kwembago, hekta mia tisa na nne,
likabidhiwe kwa mtajwa hapo chini, haraka na kwa siri.
Waliomo waondolewe.

Waliomo. Neno moja, herufi saba.
Sikuandika Sekiteke na mbuzi wake wanne.
Sikuandika yule bibi aliyebeba mlango kichwani
mpaka Muheza, mlango mtupu, bila nyumba,
kwa sababu ulikuwa mpya.
Mtajwa hapo chini alikuwa shemeji.

Wakili akainuka: tutajuaje kama karatasi hii si ya kughushi?
Nikamwambia, mwanangu, tazama r.
Mashine yangu ilianguka mwaka wa mafuriko,
tangu hapo r haikai mstarini,
hupanda juu ya wenzake kama jogoo juu ya banda.
Itazame kwenye amri. Kwenye haraka. Kwenye siri.
Karatasi ikapita mkono kwa mkono,
ukumbi mzima ukawa unatafuta jogoo.
Na yeye akavaa miwani.

Hapo nikamkumbuka mwalimu wangu wa chapa, Chumbageni,
Bi Felista Mntangi, rula mkononi.
Nilikosea kila siku neno lilelile:
a na s hukaa mlango kwa mlango,
kidole cha mwisho kikiwahi, rais anatoka raia.
Alinipiga vifundoni. "Utatufungisha, binti!"
Nikajifunza. Miaka thelathini na mmoja sikukosea tena.

Nililisema hilo kwa sauti, sijui kwa nini.
Watu wa nyuma walicheka. Mwenyekiti hakucheka.
Aligeuka taratibu, akavua kofia ya kalamu,
akasema: "Raia, simama ujibu."

Kiti kililia.
Akasema hakumbuki. Mara ya nne hiyo.
Ila safari hii alisema akiwa amesimama.

Nje, jirani yangu Hadia akanishika kanga:
atafungwa? Sijui, mimi si hakimu.
Tanga tunasema waja leo, waondoka leo;
hatusemi wakiondoka wamebeba nini.

Bibi wa mlango alikuwa safu ya mwisho.
Alinipita pale ngazini, hakunisalimu.
Nami nisingejisalimu.

Usiku nimelifunua godoro.
Pale ilipokuwa karatasi, sufi imebonyea, mraba mdogo.
Nimepageuza, nimepapiga kwa kiganja.
Hapainuki.