Nusu Kijiko

Baba yangu alichoma nyama miaka thelathini na mmoja
nyuma ya bucha pale Free Area, Nakuru,
na miaka hiyo yote nyama ilijua vitu viwili:
chumvi, na moto.
Ukimwuliza habari ya viungo
alikuonyesha mlango kwa ncha ya kisu.
"Mbuzi wa Marigat amekula mgunga maisha yake yote.
Alishajiunga mwenyewe."

Mimi nilinunua mdalasini Bondeni,
kwa Bi Hadia, anayepima kwa jicho
na kufungia katika karatasi za mitihani ya zamani.
(Swali la saba: Taja faida mbili za misitu.)
Vijiti vimejikunja kama barua isiyotaka kusomwa.
Akauliza: pilau?
Nikasema: mbavu.
Alicheka hadi ushungi ukamteleza.
Kisha akanyamaza, akaongeza kijiti kimoja bure.
"Usimwambie mtu nilikuuzia.
Lakini uje unieleze."

Jaribio la kwanza niliharibu.
Nilimimina kama mtu anayetia majani kwenye chai,
na moto ulikuwa mkali, wa saa ya wateja wengi.
Mdalasini ukaungua kabla mafuta hayajadondoka,
ukawa mchungu kama dawa ya minyoo,
na pale usipoungua, mbuzi alinukia mandazi.
Otuoma wa magurudumu alitafuna, akatafuna,
akaagiza chai.
Nilimpa paka mguu mzima.
Paka akaufikiria.

Sasa nasema ninachokijua, si zaidi.
Chumvi hutangulia, usiku, peke yake.
Asubuhi pilipili manga, saumu kavu,
sukari nguru iliyopondwa kwa chupa ya soda,
na mdalasini nusu kijiko cha chai kwa ubavu mzima.
Nusu. Mkono uwe na aibu.
Sugua hadi nyama ishike rangi ya udongo wa Njoro
mvua ikishakatika.
Makaa yasukume upande mmoja,
nyama ilaze upande wa pili,
isikie moto kama unavyosikia
ugomvi wa chumba cha jirani.
Halafu ngoja.
Menengai iko pale juu, inachoma polepole
tangu kabla ya mji, na hakuna anayeiharakisha.

Kinachotokea baadaye sina jina lake.
Utamu hauji. Mdalasini wenyewe hauji.
Anakuja mbuzi, ila mbuzi zaidi,
kana kwamba mtu amefungua dirisha
nyuma ya ulimi.
Otuoma alisema, "Leo mmebadilisha mbuzi?"
Mwalimu Gathogo alisema ni makaa.
Sikumsahihisha.
Yeye alinisahihisha miaka minane, inatosha.

Baba hakusema kitu.
Aliokota ubavu uliobaki ubaoni, akanipa mgongo,
nikaona taya linasimama, linaendelea,
linasimama.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Siku ya tatu niliikuta karatasi ya Bi Hadia
imetoka mkobani mwangu
ikahamia rafu ya chumvi,
na vijiti vimepungua.
Nje, mzee ameinama juu ya mbavu,
vidole vya kahawia hadi kwenye fundo,
anawaambia wateja kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika:
"Hapa ni chumvi na moto!
Chumvi, na moto!"

Jumamosi nilishuka Bondeni kutimiza ahadi.
Kabla sijafungua mdomo Bi Hadia akainua mkono.
"Baba yako alipita jana," akasema.
"Robo kilo.
Alisema ni wa chai."