Mahali Ilipo Hapajulikani

Wameandika jina la mama ukutani kwa herufi nyeupe,
NUMBI KYABU, na chini yake: *Miaka Arobaini na Mitatu ya Mwendo*,
kana kwamba miaka yenyewe haikuchoka.
Jumba la makumbusho linanuka varnishi na viatu vipya.
Nje ni Lubumbashi ya Septemba, vumbi jekundu
limeingia hata ndani ya sukari.

Chumba cha kwanza, *Zamu ya Usiku*:
kofia thelathini za wachimba migodi, kila moja na taa yake,
zinapanda na kushuka kwa minyororo ya baiskeli.
Ya saba kutoka kushoto ilikuwa ya baba.
Ikifika juu hukwama, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani,
kisha hushuka.
Fundi ametuomba radhi kwa hitilafu hiyo.
Hitilafu gani? Jino lile la gia mama alilisaga kwa tupa,
barazani kwetu Katuba, mimi nikimshikia koroboi.
"Baba yako," alisema, "hakuwahi kushuka bila kusita."

Chumba cha pili, runinga tatu zenye visogo vikubwa.
Humo bomba la kiwanda linameza moshi wake lenyewe.
Aliirudisha kanda nyuma, basi, hakufanya zaidi:
moshi unateremka kutoka mawinguni,
na wanaume wanatoka langoni kinyumenyume,
wanarudi majumbani, wanarudi vitandani,
king'ora kinajinyonya hadi kimya.

Mtoto mmoja amesimama mbele ya *Mapafu*,
mipira ya matairi ya lori inayojaa na kusinyaa.
"Tata, ii iko nafanya nini?"
Baba yake anatafuta maelezo kwenye karatasi.
Mtoto hakungoja. "Iko napumua," akajijibu,
akanyoosha kidole.
Mlinzi akakohoa. USIGUSE, kinasema kibao.

Chumba cha mwisho kina picha tu.
*Kisima cha Upepo. Waya wa shaba.
Mahali ilipo hapajulikani.*

Panajulikana.
Ilipimwa usiku, Ruashi, kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu,
kilo sitini na moja, akaandika hamsini na nane.
Mama aliikata mwenyewe kwa koleo, waya baada ya waya,
na kila waya ulipokatika ulilia sauti yake,
hadi majirani wakadhani tuna ngoma.
Mihula yangu mitatu ya shule imo humo.
Zimo sindano za mdogo wangu Umba, pale Sendwe,
ambazo hazikutosha.
Umo pia mfuko mmoja wa unga, nao sitausahau,
maana tulikula tukiwa hatutazamani.

Mheshimiwa alikuwa katikati ya hotuba,
amefika kwenye neno "urithi",
umeme ukaondoka kama kawaida yake, bila kuaga.
Kofia zikaning'inia. Mapafu yakalala.
Mratibu akakimbilia jenereta; jenereta haina mafuta;
mafuta yana ufunguo; ufunguo una mtu, na mtu yuko Kipushi.

Gizani nikasikia mama anacheka,
kicheko chake kikavu cha sandpepa.
"Chini ya kibao," akasema. "Nyie! Chini ya kibao."

Nikapiga magoti, nikapapasa nyuma ya USIGUSE,
na mkono wa chuma ulikuwepo, baridi,
umefungwa kitambaa cha khanga yake ya zamani.
Hakuwahi kuuamini umeme hata siku moja.
Nikazungusha.
Kofia zikaanza kupanda bila taa zake,
watu wakawasha simu wazimulike,
ya saba ikafika juu,
ikasita.

Sijui nilizungusha kwa muda gani.
Bega likaniwaka, nikaegemea ukuta.
"Zamu," akasema mama kutoka kitini pake.
Watu wakatazamana.
Kisha mheshimiwa akavua koti,
akatafuta pa kulitundika, hakupaona,
akampa yule mtoto alishike.